Kufuli la Asilimia Tisini

Katiba ya kwanza ya Kenya ni kitabu ambacho Pwani nzima ina maoni juu yake na karibu hakuna aliyekifungua. Kaa baraza lolote hapa Watamu, taja neno majimbo, uone kahawa inavyopoa mikononi mwa watu. Mzee mmoja atakwambia tulipewa nchi yetu 1963 tukaiuza wenyewe. Mwenzake atasema hatukupewa chochote. Kijana wa boda aliyesimama pembeni akingoja abiria wa Gede ataingilia kati: kulikuwa na mkataba wa miaka hamsini, ulishaisha kitambo, serikali imeuficha. Wote watatu wanaongea kwa uhakika wa mtu aliyekuwemo chumbani.

Mimi pia nilikuwa na maoni yangu, ya kurithi tu. Halafu ikaja Juni 2024, rika langu zima linatembea na Katiba ya 2010 kwenye simu, linawasomea polisi kifungu cha 37 katikati ya moshi wa vitoa machozi. Nikaona haya kidogo. Hii ya sasa tunaijua kwa namba. Ile iliyotuzaa je? Nikaitafuta kwenye intaneti, nikaipata, nikaipeleka saiba moja huku Timboni ichapwe. Jamaa wa saiba akatazama idadi ya kurasa, akanitazama mimi, akaniuliza kama nina uhakika. Tukapatana nusu leo, nusu nikipata hela.

Nataka kuisoma hapa kama ninavyosoma riwaya yoyote: nani anasema, anamwambia nani, anaogopa nini, na ukishafunga kitabu ni sentensi ipi inayokufuata nyumbani. Mimi si wakili, na chuo chenyewe sikumaliza. Lakini katiba ni maandishi, na maandishi hayamchagui msomaji.

Tuanze na sauti. Katiba ya 2010 inafungua kwa neno "Sisi". Ile ya 1963 haina sisi. Ilikuja kama kiambatisho cha Amri ya Malkia wa Uingereza akiwa na Baraza lake, Desemba ile ile ya uhuru, yaani nchi yetu ilizaliwa kwenye ukurasa wa nyuma wa waraka wa mtu mwingine. Msimulizi wake haonekani. Kutakuwa na hiki, kutakuwa na kile, hakuna mtu atakayefanya hivi isipokuwa kwa mujibu wa vile. Unasoma kurasa nyingi bila kumsikia binadamu akivuta pumzi. Na haikuwa lazima iwe hivyo. India ilikaa na bunge lake la katiba ikajiandikia yake, na inaanza kwa sisi. Sisi tulipewa ya mtindo wa Uganda ya 1962: imeshaandikwa, weka sahihi.

Hata hivyo, ukivumilia ukavu wake, unagundua kitu ambacho baraza halijawahi kuniambia. Ni kitabu cha woga, na kama kitabu cha woga kimeandikwa vizuri kweli.

Mikutano ilikuwa mitatu, yote Lancaster House, London: 1960 chini ya Iain Macleod, 1962 chini ya Reginald Maudling, 1963 chini ya Duncan Sandys. Kila aliyeingia pale alikuwa anamwogopa aliyekaa kiti cha pili. Walowezi waliogopa kunyang'anywa mashamba. Makabila madogo yaliogopa kumezwa na KANU, chama kilichobebwa zaidi na Wakikuyu na Wajaluo. Waarabu na Waswahili wengi wa Pwani waliogopa kuamkia chini ya Nairobi. Mwaka 1960 wajumbe Waafrika walikuwa na mshauri kutoka Marekani, Thurgood Marshall, wakili yule aliyeshinda kesi ya Brown ya 1954 iliyoharamisha ubaguzi wa rangi mashuleni. Aliwaandikia rasimu ya haki za kimsingi, na ndani yake ulinzi wa mali haukuwa jambo dogo. Sijui kama kuna kinaya kikubwa kuliko hiki katika historia yetu: mtu mweusi aliyewapigania watoto weusi kwao, akija kwetu, anasaidia kushona kinga ambayo wa kwanza kuivaa angekuwa mlowezi mweupe. Simlaumu. Aliamini haki ni ya wachache wowote, hata wachache usiowapenda. Hiyo ndiyo imani ya kitabu kizima, na ndiyo uzuri wake.

Mhusika mkuu, kwa sisi wa Kilifi, ni Ronald Ngala. Mgiriama, mwalimu, kiongozi wa KADU, chama kilichoundwa 1960 kukusanya woga wa makabila madogo pamoja. Daniel arap Moi alikuwemo, Masinde Muliro pia. Dawa yao ilikuwa majimbo. Na katika Katiba ya 1963 walipata karibu kila walichokiomba: mikoa saba mbali na Nairobi, kila mmoja na baraza lake lililochaguliwa, rais wa baraza lake, mamlaka yake. Ngala mwenyewe akawa rais wa baraza la Mkoa wa Pwani. Juu kukawa na nyumba mbili, ya chini ya wabunge 117 wa kuchaguliwa na 12 wa kuteuliwa na wenzao, na Seneti ya watu 41, mmoja kwa kila wilaya na mmoja wa Nairobi. Halafu likaja kufuli. Kugusa sehemu za kawaida za Katiba kulihitaji robo tatu ya kila nyumba. Kugusa mikoa, haki za kimsingi na ardhi ya makabila kulihitaji asilimia tisini ya Seneti.

Asilimia tisini! Fanya hesabu. Katika watu 41, unahitaji 37. Maana yake maseneta watano tu, wakikaa wamekunja mikono, wanazuia serikali nzima. Sijawahi kuona kufuli kama hilo. Niliposoma mara ya kwanza nilicheka peke yangu, kwa sababu najua linavyoisha: limewekwa Desemba 1963, na Desemba iliyofuata lilikuwa limeshafunguliwa.

Hapo ndipo maoni yangu ya kurithi yalipoanza kunisaliti. Nyumbani kwetu hadithi ni moja: Kenyatta alivunja majimbo. Kitabu hakisemi hivyo. Ni kweli serikali ya KANU haikuipenda Katiba ile hata siku moja. Iliibana mikoa fedha, ikachelewesha kuikabidhi kazi, ikatishia kura ya maoni, na wabunge wa upinzani wakaanza kuhama mmojammoja. Lakini kufuli halikuvunjwa. Tarehe 10 Novemba 1964 KADU ilijivunja yenyewe, Ngala mbele, ikaingia KANU. Asilimia tisini ikapatikana kwa njia halali kabisa, kwa utaratibu ule ule ulioandikwa. Tarehe 12 Desemba 1964 tukawa jamhuri. Mwaka 1965 kiwango cha kubadilisha Katiba kikashushwa hadi asilimia 65, na mikoa ikabaki jina. Mwishoni mwa 1966 Seneti ikaunganishwa na nyumba ya chini ikapotea. Kufikia 1968 hata vile vibaraza vya mikoa vilivyobaki vilifutwa. Ngala alishakuwa waziri wa Kenyatta toka 1966.

Kwenye riwaya, mhusika akigeuka namna hii bila mwandishi kumwandaa, mhakiki analalamika. Hapa nimejaribu kulalamika nikashindwa, kwa sababu ukisoma kwa makini utaona kitabu chenyewe kilimwandaa. Kila kinga ya mikoa iliyomo imekabidhiwa viongozi: maseneta, marais wa mabaraza, wajumbe. Kati ya hizo hakuna hata moja iliyokabidhiwa watu. Mvuvi wa Watamu au mkulima wa Ganze hakuwa na kifungu cha kuitetea mikoa, cha kushika akaenda nacho mahali kusema hapana, hiki changu. Na hata angekuwa nacho, kiliandikwa kwa lugha ambayo hakuijua. Katiba ile ilimtaka mbunge ajue Kiingereza cha kutosha kujadili, na Kiswahili kilingoja mpaka 1974 kuruhusiwa Bungeni. Unaweka kufuli zito mlangoni, kisha ufunguo unawapa watu arubaini na mmoja wanaoweza kualikwa chai. Hilo ndilo kosa la kiufundi la Katiba ya uhuru. Wasomi wengi wanasema ilikuwa ndefu mno na ngumu mno. Mimi nasema urefu haukuwa tatizo, ilikosa msomaji wa kuipigania.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo haimo ndani ya Katiba kabisa, na ambayo kwangu ndiyo kurasa kali kuliko zote za mwaka ule.

Ili uielewe, lazima ujue Watamu ilikuwa wapi kisheria. Haikuwa koloni. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani, bila kumuuliza mtu, walikubaliana kwamba Sultani wa Zanzibar anamiliki ukanda wa pwani wa upana wa maili kumi za baharini, ukipima kutoka pale maji yanapofika yakijaa. Kama kilomita kumi na nane na nusu hivi. Ukitoka hapa ukapita Gede ukaanza kuingia msitu wa Arabuko-Sokoke, bado uko kwa Sultani. Mwaka 1895 Uingereza ikachukua kuutawala ukanda huo kwa niaba yake na kumlipa, na 1920 bara lilipoitwa koloni, Pwani ikabaki himaya ya ulinzi. Bendera ya Sultani, utawala wa Mwingereza. Uhuru ulipokaribia, watu wa Mwambao wakauliza swali ambalo si la kijinga hata kidogo: kama hatukuwa koloni la Kenya, tunakuwaje Kenya? Sir James Robertson akatumwa 1961 kuchunguza, akapendekeza ukanda uunganishwe na Kenya. Ikawa hivyo.

Oktoba 1963 waziri mkuu wa Kenya, Jomo Kenyatta, na waziri mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, walibadilishana barua. Ni fupi. Baada ya mamia ya vifungu vya Katiba, zinasomeka kama pumzi ya hewa: mambo matano tu. Uhuru wa dini kwa waliokuwa raia wa Sultani na vizazi vyao. Mahakama za Kadhi ziendelee. Maafisa wa utawala kwenye maeneo ya Waislamu wawe Waislamu kadiri inavyowezekana. Watoto wa Kiislamu wafundishwe Kiarabu. Na la tano: hati za umiliki wa ardhi zilizokwisha kusajiliwa Pwani zitatambuliwa wakati wote, na ardhi hiyo ikihitajiwa na serikali kwa faida ya umma, mwenyewe alipwe fidia kamili, bila kucheleweshwa.

Soma tena la tano. Halina kufuli la asilimia tisini wala seneta wa kulilinda. Aliyeliandika kwa upande wa Zanzibar alipinduliwa Januari 12, 1964, pamoja na Sultani Jamshid, miezi mitatu tu baada ya sahihi kukauka. Mkataba ulibaki na mguu mmoja. Na bado, katika yote yaliyoahidiwa mwaka ule, majimbo, Seneti, mabaraza, ni hili lililosimama wima miaka sitini. Tuliambiwa karatasi haina nguvu bila jeshi. Kumbe inategemea karatasi inamlinda nani.

Maana hizo hati zilizokwisha kusajiliwa zilitoka wapi? Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya hati za ardhi kwa ukanda huu. Mwenye dai alitakiwa alete dai lake lisajiliwe. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya taji la Uingereza. Waliokuwa na nasaba, mawakala na makaratasi walisajili. Wamijikenda, ambao ardhi kwao ilikuwa ya ukoo na ushahidi wake ni makaburi na minazi, hawakuwa na pa kujaza jina kwenye fomu ile. Mwaka 1914, baada ya upinzani ambao Mekatilili wa Menza aliuongoza, Wagiriama walichomewa nyumba na kufukuzwa kaskazini ya Sabaki. Kwa hiyo barua ya 1963 ilipoahidi kutambua yaliyosajiliwa, iliahidi pia, kwa kunyamaza, kutowatambua wasiosajiliwa. Sentensi moja, watu wawili: mmoja anaitwa mwenye hati, wa pili anaitwa maskwota. Kwenye maandishi ya mkataba, huyo wa pili hayumo hata kama kivuli. Ngala alipigania mikoa kwa miaka mitatu akaipata. Hili la hati, ambalo ndilo lingewagusa Wagiriama wenzake mpaka jikoni, lilipita kama kitu cha adabu kati ya mawaziri wakuu wawili.

Hapa lazima niseme ninaposimama ninaposoma. Nyanya yangu ni mama karanga, amekaanga samaki na kuuza toka nizaliwe. Nyumba yetu iko kwenye shamba la mtu ambaye hatujawahi kumwona. Babu alipewa ruhusa ya kujenga na msimamizi, akawa analipa ijara, kisha msimamizi akafa na hakuna aliyekuja kudai tena. Miaka michache iliyopita vijana wawili walishuka na kipimo cha miguu mitatu, wakapanda bikoni chini ya mkorosho wetu wakaondoka bila kuaga. Nyanya huning'iniza kikapu juu yake. Hatujapata barua yoyote mpaka leo. Huenda isije. Ila tangu siku hiyo hakuna aliyeongeza chumba.

Kwa hiyo sicheki ninapomsikia kijana wa boda na mkataba wake wa miaka hamsini. Ni usomaji mbaya, nakubali. Nimezipitia barua zile na kipengele hicho hakimo. Wale wa MRC waliosema Pwani si Kenya walishika 1895 na 1963 kama ushahidi, na uvumi wa kwamba 2013 mkataba unaisha ulizagaa mpaka vijijini. Serikali ikawapiga marufuku 2010, mahakama ya Mombasa ikaondoa marufuku 2012. Katika zogo lote lile sikumbuki mtu mkubwa aliyesimama jukwaani na barua zile mkononi, kwa Kiswahili, akasema hizi hapa, someni, mnachotafuta hakimo, lakini kinachowaumiza kimo. Uvumi ni uhakiki wa watu walionyimwa kitabu.

Je, Katiba ya 2010 imejibu? Kwa sehemu, ndiyo, na inajibu kama mtu aliyeisoma ile ya kwanza kwa hasira. Ilipigiwa kura na watu wenyewe Agosti 4, 2010, ikatangazwa rasmi tarehe 27. Magavana na kaunti 47 zimerudi, Seneti imerudi. Muhimu zaidi kwangu, ufunguo umehamishwa: mtu yeyote anaweza kwenda mahakamani kuitetea, na ukitaka kugusa mambo makubwa lazima uturudie kwa kura ya maoni. Waliotaka kuibadilisha kwa BBI walikwamishwa na kesi za raia, si na maseneta. Sura ya tano inasema ardhi yote ya Kenya ni ya watu wa Kenya, inatambua ardhi ya jamii, inaunda Tume ya Ardhi ya kuchunguza dhuluma za kale. Hii ndiyo sura ambayo 1963 ilikataa kuandika.

Lakini kifungu cha 40 bado kinalinda mali ya mwenye mali, na chenyewe ni kizuri, mpaka ukikumbuka mali hiyo ilivyopatikana ndani ya maili kumi. Na kuna kifungu cha 259, huko nyuma kabisa ambako watu hawafiki. Kinasema tafsiri za Katiba zikipingana, ya Kiingereza ndiyo inayoshinda. Kiswahili ni lugha ya taifa kwenye kifungu cha 7, kisha mwishoni kinaambiwa kikae kando wakubwa wakizungumza. Kwangu hilo ndilo doa baya kuliko yote katika maandishi ninayoyapenda. Neno "Sisi" la kufungulia lina mkubwa wake.

Jioni moja nilimsomea nyanya sura ile ya tano, polepole, huku akipanga kuni. Alinisikiliza kwa heshima, kama anavyomsikiliza mtu wa sensa. Nikafika kifungu cha 62, panaposemwa ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Nikanyanyua sauti kidogo, maana ndicho kifungu chetu hicho, sisi tunaopita vichochoro kati ya kuta za hoteli kufika baharini, na kila mwaka kichochoro kimoja kinawekwa geti. Nikamwambia nyanya, ufuo ni wako, imeandikwa.

Akaacha kuni. Akauliza: maji kujaa yapi, ya bamvua au maji mafu? Kwa sababu kwa bamvua, alisema, bahari inapiga mpaka kwenye ukuta wa ile hoteli pale chini, na wakati mwingine inaingia ndani kwenye viti vyao.

Nikarudi kwenye karatasi, nikatafuta. Haisemi.